Kivuli cha Fimbo na Utando wa Kaskazi

Wazee wangu, mama zangu mlioketi upande ule wa kivuli, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu ambao hasa ndio nimekuja kuzungumza nanyi juu ya kulipima anga letu kwa nuru ya jua: asalaam aleikum.

Kabla sijasema neno, tazameni pale uani. Nimesimamisha fimbo. Urefu wake ni mita moja kamili, nimeipima kwa futi ya fundi seremala, na nimehakikisha kwa timazi kwamba haikulala upande wowote. Mwadhini wa zamani, kabla ya saa za ukutani na kabla ya karatasi za nyakati zinazobandikwa misikitini siku hizi, alikuwa na fimbo kama hiyo. Jua likipinduka utosini, imeingia adhuhuri. Kivuli kikirefuka hadi kikatimia urefu wa fimbo yenyewe, ukiongeza na kile kivuli kidogo kilichokuwepo adhuhuri, imeingia alasiri. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa sisi Mashafii wa pwani, na hakuna mtoto wa chuoni hapa Amu, yaani Lamu, asiyelijua hilo.

Sasa nataka muone ajabu iliyomo ndani ya jambo hilo mlilolizoea. Sisi tuko nyuzi mbili na kidogo kusini ya ikweta. Kila mwaka kuna siku mbili, moja katikati ya Machi na nyingine mwishoni mwa Septemba, ambapo adhuhuri fimbo hii haina kivuli kabisa. Jua liko juu yake sawasawa. Siku hiyo nuru inayotufikia imepita kwenye hewa kwa njia fupi kuliko zote, wima, kutoka juu hadi chini. Ikifika alasiri ya siku hiyo, kivuli ni mita moja, jua liko nyuzi 45, na nuru ile ile imepita kwenye hewa mara 1.41 ya ile ya mchana. Kivuli kikifika mita 1.73, jua liko nyuzi 30, na nuru imepita kwenye hewa mara mbili. Mwadhini hakuwa akilitafuta hilo, yeye alikuwa akiitafuta sala. Lakini fimbo yake ilikuwa ikisema yote mawili, na ile habari ya pili ndiyo iliyonileta hapa leo.

Kwani hiyo hewa ina nini hata tuhesabu nuru imeipita mara ngapi?

Mimi nilikua Mkomani, na babu yangu alikuwa mtu wa jahazi. Kaskazi ikivuma, mwezi wa Januari hivi, alikuwa akipanda darini asubuhi na kuangalia ng'ambo, kisiwa cha Manda. Siku nyingine mikoko ilionekana tawi kwa tawi. Siku nyingine Manda ilikuwa kama imefunikwa kitambaa cha mvungi, na wala hapakuwa na wingu wala mvua. Nikimuuliza, alinijibu kwamba pepo hizo zinatoka Arabuni na Somalia, na zimebeba nchi zao. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba jibu lake lilikuwa sahihi: upepo wa kaskazi mashariki hupita juu ya nchi kavu na jangwa kabla haujafika kwetu, na huja na vumbi laini lisiloonekana kwa punje, linaloonekana kwa wingi wake tu. Kusi ikigeuka, upepo unatoka bahari kuu, nao hubeba kitu kingine: chumvi. Wimbi likivunjika, matone madogo yanarushwa, maji yanakauka, punje ya chumvi inabaki ikielea. Anayekaa Shela anaijua chumvi hiyo kwa bawaba za madirisha yake.

Vumbi, chumvi, moshi wa kuni na wa tanuri la chokaa, masizi ya injini, matone ya salfa yanayotokana na moshi wa meli na volkano: vyote hivyo vinavyoelea hewani, viwe vigumu au vya majimaji, wanasayansi huviita erosoli. Nyingi ni ndogo kuliko upana wa unywele. Baadhi huakisi nuru ya jua na kuirudisha juu, zikaipoza dunia. Masizi hunyonya nuru, yakapasha moto hewa. Mawingu nayo yanazihitaji, kwa kuwa mvuke hutafuta punje ya kushikia ndipo uwe tone. Kwa hivyo mtu anayetaka kujua mvua ya kesho kutwa au joto la miaka 20 ijayo, hana budi kujua hewa ina erosoli kiasi gani. Na kati ya mambo yanayowatatiza wanaohesabu joto la dunia, erosoli zimo mbele kabisa, kwa sababu hazikai mahali pamoja. Kabonidioksaidi ikishatoka huenea dunia nzima. Vumbi huja Jumatatu, likaondoka Alhamisi.

Sasa mwanafunzi wa Lamu atazipimaje?

Kwa nuru. Hilo ndilo jibu zima. Hatuendi kuzikamata. Tunaliuliza jua: ulitoa kiasi gani, na kimefika kiasi gani? Kilichopungua kimebaki njiani, na kwa kujua ni rangi gani ya nuru iliyopungua zaidi, tunajua nani aliichukua.

Kifaa chenyewe huitwa fotomita ya jua. Ni kisanduku kidogo kinachoshikika mkononi. Upande mmoja kina tundu linaloingiza mwali wa jua, na ndani mna taa ya LED, hizi hizi mnazoziona zikiwaka kwenye chaja ya simu. Mnajua taa hiyo ukiipa umeme inatoa nuru. Wengi hawajui kwamba ukiipa nuru, inatoa umeme. Kidogo sana, lakini unapimika. Na haipokei kila nuru. LED ya kijani hupokea sehemu nyembamba ya rangi, nyekundu hupokea yake. Mmarekani mmoja, Forrest Mims, ndiye aliyelifanyia kazi jambo hilo. Februari 1990 alianza kupima anga karibu na nyumba yake huko Texas, siku zenye jua, kwa vifaa alivyoviunda mwenyewe. Huyu hakuwa na shahada ya sayansi, alisomea mambo ya serikali. Miaka miwili baadaye vipimo vyake vya ozoni, ile gesi ya juu inayotukinga na miali mikali ya jua, vikaanza kuachana na vile vya satelaiti ya NASA iliyoitwa Nimbus-7. Angeweza kusema: mimi nani, satelaiti ndiyo yenye haki. Hakusema hivyo, kwa kuwa alikuwa na daftari la kila siku na vifaa viwili vinavyokubaliana. Ikathibitika satelaiti ndiyo iliyokuwa imepotoka, na habari hiyo ikachapishwa katika jarida la Nature mwaka 1993.

Baadaye kifaa cha namna hiyo kiliingizwa katika GLOBE, mpango wa shule za dunia uliotangazwa mwaka 1994, ambao wanafunzi wa nchi nyingi, Kenya ikiwemo, hupima mazingira yao na kupeleka namba zao mahali pamoja zitumike na watafiti. Fotomita yao ina rangi mbili: kijani cha nanomita 505 na nyekundu ya nanomita 625, nanomita ikiwa sehemu ya bilioni ya mita, kipimo cha wimbi la kila rangi ya nuru.

Niwape mfano wa hesabu, maana nisipoonyesha hesabu mtadhani nawasimulia ngano. Tuseme kifaa chetu, kingepelekwa juu kabisa nje ya hewa, kingesoma volti 2.00 kwa kijani. Adhuhuri ya Machi, jua utosini, kinasoma volti 1.50. Tunagawanya 2.00 kwa 1.50, tunatafuta logi asilia, ile ya kitufe cha ln kwenye kikokotoo, tunapata 0.29. Namba hiyo nitaiita kina cha nuru: ndiyo unene wa pazia lote. Lakini pazia lote si la erosoli. Hewa safi yenyewe hutawanya nuru, ndiyo sababu mbingu ni buluu, na katika rangi hiyo ya kijani hutupunguzia 0.14. Ozoni inachukua kama 0.01. Tukiyatoa hayo tunabakiwa na 0.14, na hiyo ndiyo erosoli: imetunyima asilimia 13 hivi ya nuru ya kijani. Halafu tunarudia kwa nyekundu. Ikiwa kijani na nyekundu zimepungua karibu sawa, punje ni kubwa, chumvi au vumbi. Ikiwa kijani kimepungua zaidi sana kuliko nyekundu, punje ni ndogo, na hapo tutazame moshi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza hesabu hiyo. Nimewaona wakiiweza.

Na hiyo volti 2.00 ya nje ya hewa tumeipataje, nasi hatujapanda huko? Hapa ndipo ninapoipenda ikweta. Unaamka alfajiri, siku tulivu isiyo na wingu. Jua likiwa chini, nyuzi 11 au 12, nuru inapita hewa mara tano. Unasoma volti. Jua linapanda, unasoma tena, na tena, hadi linafika nyuzi 30, hewa mara mbili, kama saa mbili na nusu asubuhi. Unachora mstari kwenye karatasi ya grafu, logi ya volti dhidi ya idadi ya hewa, kisha unaurefusha kwa rula hadi pale ambapo hewa ni sifuri. Pale mstari unapokata ndipo penye namba yako. Umefika nje ya anga kwa rula! Huko Uingereza mwezi wa Desemba jua halifiki hata nyuzi 30 siku nzima. Hapa kwetu linapanda wima, kazi yote inachukua kama saa moja na robo, na upepo haujapata wasaa wa kubadilika. Watafiti hupeleka vifaa vyao mlima Mauna Loa, Hawaii, zaidi ya mita 3,000 juu, wapate anga tulivu la kufanyia kazi hiyo. Hewa yetu si tulivu kama ile, wala sitawadanganya. Lakini asubuhi kadhaa nzuri za matlai, kusi imekwisha na kaskazi haijaanza, zinatosha kwa kifaa cha shule.

Kwa gesi ni njia ile ile, rangi nyingine. Mvuke wa maji hunyonya nuru isiyoonekana kwa macho, karibu na nanomita 940. Ukiweka LED moja ya hapo na nyingine ya nanomita 870 hivi, ambapo mvuke hauna kazi, tofauti ya viwili hivyo inakuambia juu ya kichwa chako pana maji kiasi gani. Ozoni hupimwa kwa miali ya urujuani isiyoonekana. Ozoni yote iliyo juu ya dunia, ungeikusanya ukaishusha hadi usawa wa bahari, ingekuwa unene wa milimita 3 kwa wastani, na juu ya ikweta ni pungufu ya hapo. Hiyo ndiyo ngao tuliyo nayo, wavuvi wetu wanaoshinda baharini bila kofia wanisikie.

Nisisahau: macho. Hakuna anayetazama jua, hata kwa sekunde moja, hata jua likiwa na utando. Kifaa kinaelekezwa kwa kufuata kidoa cha nuru kinachoangukia kwenye alama, nawe umeinamisha uso. Kabla ya kupima kifaa kinakaa kivulini, kwa kuwa LED ikipata moto inasema uongo. Unaziba tundu kwa kidole, unasoma volti za giza, unazitoa. Unasoma mara tatu mpaka tano, mfululizo. Wingu likiwa mbele ya jua, hata lile jembamba kama pamba iliyochambuliwa, huandiki namba, unaandika "wingu". Hilo nalo ni kipimo.

Sasa nataka kusimulia jambo linaloniuma.

Nilipokuwa mwalimu kijana, shule moja niliyofundisha ilipewa kifaa cha namna hii na wageni. Walikaa wiki mbili, wakatufunza vizuri, wakapiga picha, wakaondoka. Wanafunzi wangu walipima kwa miezi 11. Msichana mmoja, mdogo kuliko wote darasani, ndiye aliyeshika daftari, na mwandiko wake ninao mpaka leo. Machi 2011 betri ikafa. Betri ya volti tisa, inayouzwa duka lolote la vifaa vya umeme. Ofisi iliambiwa. Ofisi ikasema ombi liandikwe. Likaandikwa. Likarudi kwa kuwa halina muhuri. Mimi nami nikasubiri, badala ya kutia mkono mfukoni nikainunua. Yule msichana aliendelea kuandika tarehe kila siku upande wa kushoto, na upande wa kulia akaacha wazi, akitumaini. Kurasa mbili nzima za tarehe bila namba.

Juni mwaka huo huo, volkano ya Nabro ililipuka Eritrea, hapo Pembe ya Afrika, ikarusha salfa hadi tabaka la juu la anga, na vituo vya mabara mengine vikaona alama yake. Redio ilipotangaza, wanafunzi walinijia mbio: "Mwalimu, na sisi je? Anga letu limebadilika?" Nikalifungua daftari. Mwajua nilichowaonyesha.

Mlipuko wa Pinatubo wa Ufilipino, Juni 1991, ulirusha tani kama milioni 20 za gesi ya salfa, dunia nzima ikapoa kwa karibu nusu digrii. Nani aliyeweza kulipima lile pazia lilivyokuja na lilivyoondoka? Ni waliokuwa wameanza kabla. Mims alikuwa mmoja wao, ana mwaka na zaidi wa siku safi wa kulinganisha. Aliyenunua kifaa baada ya mlipuko alipima pazia asijue dirisha lilikuwaje bila pazia.

Na kwetu hapa si volkano tu. Mei 2021 gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa upande wa pili wa ghuba. Meli zinakuja, na zitazidi. Tangu Januari 2020 sheria ya kimataifa inazitaka meli zitumie mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.5, kutoka 3.5 ya awali, na hilo ni jema. Kabla ya hapo mnaikumbuka habari ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, pale Kwasasi, iliyogawa watu hata ndani ya nyumba moja, hadi Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilipoifuta leseni yake. Sikuja kuifungua kesi ile upya. Nawauliza tu: katika maneno yote yaliyosemwa, majukwaani na mahakamani, ni nani kati yetu aliyesimama akasema, anga la Amu mimi nimelipima, kaskazi ni hivi, kusi ni hivi, miaka mitano, daftari hili hapa? Tulizungumza juu ya anga letu kwa hofu au kwa matumaini. Kwa namba tulikuwa maskini.

Najua atakayesema satelaiti zipo. Zipo, na ni nzuri. Lakini satelaiti inatazama kutoka juu, na juu ya Lamu inaona nini? Mchanga mweupe, maji ya kina kifupi yenye tope la mikoko, mkondo, kisiwa, tena maji yanayometameta. Kutenganisha vumbi la hewani na weupe wa chini mahali kama hapo ni kazi ngumu, na wenye satelaiti wenyewe huhitaji vipimo vya ardhini ili kuzisahihisha. Malindi, katika kituo cha anga cha Waitaliano, imewahi kuwekwa fotomita ya AERONET, mtandao wa dunia wa vituo vya kupima erosoli, inayolifuata jua kwa mtambo na kupima kila baada ya robo saa. Ni pwani ile ile, karibu na majukwaa ya baharini ya Ngomeni yaliyorusha satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu. Lakini Malindi si Lamu, ni zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Vipimo vyetu vikiwepo, vitasimama kando ya vile, na tutajua kama mkono wetu umenyooka.

Mama mmoja aliniuliza hapa nje kabla hatujaanza: kifaa hiki kitanionyesha moshi wa jikoni kwangu? Hapana, mama. Kifaa hiki kinapima hewa yote juu yetu, kutoka ardhini hadi mwisho wa anga, ikiwa imeunganishwa pamoja. Moshi wa jiko la kuni unaumiza kifua pale pale ulipo, na unataka kipimo chake na dawa yake, nayo inaanza na dirisha. Swali lako ni la haki, na sitaki mtu atoke hapa akiamini tunapima tusichopima.

Sasa twende kwenye kazi. Adhuhuri yetu ya kweli, jua utosini, haiwi saa sita kamili. Sisi tuko nyuzi 41 mashariki, na saa ya Kenya imefuata nyuzi 45, kwa hivyo inakuja robo saa hivi baadaye, kwa kupungua au kuzidi kidogo kulingana na mwezi. Kwenye daftari mtaandika saa ya Kenya na, pembeni, saa ya Greenwich, ambayo ni ya kwetu ukitoa saa tatu, ili mtoto wa Brazili au wa Uturuki akilisoma daftari lenu asipotee. Wanafunzi wanne kwa wiki: wa kushika kifaa, wa kusoma volti, wa kuandika, wa kupima kivuli cha fimbo. Ijumaa anayewahi msikitini awe na wa kumshikia zamu. Ramadhani tunapima. Likizo tunapima, wanaokaa mjini wamekwisha kujiandikisha, na mzee mmoja wa Langoni, nahodha mstaafu, ameomba mwenyewe apewe zamu ya Desemba.

Yule msichana wa daftari sasa ni mtu mzima mwenye watoto, na mmoja wao ameketi hapa safu ya pili. Nimemwomba mama yake ruhusa, nami nimempa mtoto daftari jipya. Tarehe ya kesho imeshaandikwa upande wa kushoto. Betri nimenunua tano, ziko kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati la maabara, na ufunguo uko kwa mlinzi, si ofisini. Tukutane darini saa sita na dakika kumi. Fimbo nitaitangulia kuipandisha.